Gharama ya Kutojua: Uhakiki wa Michezo Midogo ya Kompyuta kwa Mizani ya Kitendawili

1. Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka thelathini umekuwako ulimwenguni utanzu wa michezo ya kompyuta usiokuwa na vita, mbio wala hesabu ya mabao. Mchezaji hutiwa mahali asipopajua, aghalabu kisiwani au katika nyumba iliyohamwa, kisha akaachwa atembee, atazame, na afumbue yale yanayomzuia kuendelea. Mingi katika michezo hii hutungwa na watu wachache, na pengine na mtu mmoja tu: Gorogoa (2017), kwa mfano, ilichorwa kwa mkono na mtunzi wake, Jason Roberts, nayo haina neno hata moja la kusomwa. Tangu Ukunda hadi Msambweni, kijana akitaja mchezo wa kompyuta huenda akawa na maana ya kandanda inayochezwa vibandani kwa malipo. Hata hivyo, michezo hii ya kimya nayo inapatikana katika simu na kompyuta, inachezwa, na wanaoicheza wanaizungumzia.

Wahakiki wa Kiswahili hawajaishughulikia sana michezo hii, pengine kwa kuidhania kuwa ni ya watoto, au kwamba ni mali ya wahandisi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utanzu huu una ujamaa wa karibu na kitendawili, na kwamba kwa sababu hiyo jadi ya pwani ina mizani ya kuupima ambayo wachezaji wenyewe, katika kauli zao, wameikosa. Mizani hiyo ni swali moja: je, mchezo unamtendeaje mtu asiyejua? Mifano ya kulinganishia itatolewa Kwale na pwani ya kusini ya Kenya, kwa kuwa huko ziko desturi mbili za kutojua, ya kitendawili na ya kaya, ambazo zikiwekwa pamoja hulitia swali hili nuru.

2. Kauli za wachezaji

Anayesoma maoni ya wachezaji juu ya michezo ya aina hii atakuta mambo manne yakirudiwarudiwa. Kwanza, husifu upweke: mchezaji alikuwa peke yake na akaupenda upweke huo. Pili, husifu kimya, yaani mchezo haukumwelekeza wala kumshika mkono. Tatu, husifu mahali: mwanga, ukungu, sauti ya upepo na ya maji. Nne, hutoa lawama, nazo aghalabu ni mbili: kwamba mchezo ni mfupi kuliko bei yake, au kwamba fumbo fulani lilikuwa gumu kupita haki, hata mchezaji akalazimika kulitafuta jibu katika intaneti. Jambo hili la mwisho husemwa kwa haya, kama mtu anayekiri kosa.

Kauli hizi zina thamani, maana ni ushuhuda wa hadhira. Lakini kama uhakiki zina upungufu mkubwa: zinaeleza namna mchezaji alivyohisi, ila hazisemi ni kitu gani katika fani ya mchezo kilichomfanya ahisi hivyo. Hata mabishano makali yaliyozuka juu ya Dear Esther (2012) hayakuuvuka mpaka huo. Mchezo huo, ambao asili yake ni mradi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, humtembeza mchezaji katika kisiwa kimoja cha Hebrides huku sauti ikisoma vipande vya barua. Hakuna fumbo la kufumbua wala adui wa kumkimbia. Wengine walisema huo si mchezo hata kidogo, wakaupachika jina la dhihaka, kwamba ni mashine ya kutembea tu; wengine wakautetea kwa kusema umewaliza.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hatashindwa kuitambua sura ya mabishano hayo. Baada ya Kichomi ya Kezilahabi kutoka mwaka 1974, wataalamu waligombana miaka mingi juu ya tungo zisizokuwa na vina na mizani: je, ni mashairi au si mashairi? Mgogoro ule ulizaa matunda pale tu wahakiki walipoliacha swali la jina wakauliza tungo zile zinafanya kazi gani na kwa njia gani. Michezo hii nayo inangoja hatua hiyohiyo.

3. Chemshabongo, kitendawili na fumbo

Katika hatua hiyo Kiswahili kina faida ya msamiati. Kile ambacho wachezaji wa lugha nyingine hukiita kwa neno moja, Kiswahili kimekigawa katika maneno matatu ambayo, ingawa hutumiwa kwa kuchanganywa katika mazungumzo, yana mipaka inayoweza kuonyeshwa.

Chemshabongo ni swali lenye jibu moja ambalo mtu anaweza kulitafuta peke yake, kalamu mkononi. Hakuna anayemngoja, na akishindwa hakuna ajuaye. Kitendawili nacho kina jibu linalokubalika, lakini hakiwezi kuwako bila watu wawili: mmoja atege na mwingine ategue. Fumbo, kwa maana yake ya ndani, ni kauli iliyofunikwa kwa makusudi mbele ya watu ili wengine waelewe na wengine wasielewe. Methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, inakiri kwamba fumbo huwatenga watu makundi mawili. Jibu la fumbo hutegemea nani amelisema, mbele ya nani, na kwa kisa gani.

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliiona fasihi hiyo kuwa ni tukio linalotawaliwa na mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Kwa kipimo hicho tofauti ya maneno haya matatu hudhihirika zaidi. Chemshabongo inaweza kuishi kwa fani peke yake. Kitendawili kinahitaji fanani na hadhira, na aghalabu wakati wake, yaani jioni baada ya kazi. Fumbo linayahitaji yote sita.

Michezo ya kompyuta inayozungumzwa hapa ina fani na ina mahali, tena mahali palipotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Hadhira yake ni mtu mmoja. Fanani wake amejificha. The Witness (2016) ya Jonathan Blow yafaa kuwa mfano: kisiwa kina mafumbo zaidi ya 500 ya kuchora mistari, na kanuni za mafumbo hayo hazielezwi kwa neno lolote, bali mchezaji hujifunza fumbo moja kutokana na lililotangulia. Huu ni ufundi wa hali ya juu. Lakini kwa istilahi za Kiswahili kazi hiyo ni chemshabongo iliyovikwa mahali. Kisiwa hakimwulizi mchezaji chochote ambacho karatasi isingeweza kumwuliza, ila pale ambapo mandhari yenyewe, kama vile tawi la mti au kivuli chake, yanakuwa sehemu ya swali. Na hapo ndipo mchezo unapopanda daraja.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba msomaji wa riwaya naye husoma peke yake, wala hakuna anayeilaumu riwaya kwa upweke huo. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linasahau tofauti moja. Riwaya haimzuii msomaji katika ukurasa wa thelathini mpaka ajibu swali. Asipoelewa, hufunua ukurasa akaendelea. Mchezo huzuia. Una mlango, na mlango haufunguki kwa asiyejua. Kwa hiyo mchezo umejitwalia mamlaka ya mtegaji, na anayejitwalia mamlaka ya mtegaji hana budi kuulizwa kuhusu wajibu wa mtegaji.

4. Kutoa mji

Wajibu huo umo katika kanuni za kitendawili chenyewe. Mtegaji husema: Kitendawili! Hadhira hujibu: Tega! Swali hutolewa, tuseme: Nyumba yangu haina mlango. Wakijaribu wakashindwa, mtegaji hudai: Nipeni mji. Hupewa mji mmoja, Mombasa au Lamu au mwingine wowote. Akiukataa, huongezwa au hubadilishiwa mpaka aridhike. Akisharidhika husimulia kwamba alikwenda katika mji huo, akapokewa na kukirimiwa, na mwishowe hulitoa jibu: yai.

Wataalamu wengi wameitaja desturi hii kama pambo la mwanzo na mwisho wa kitendawili. Ikitazamwa kwa makini, itaonekana kuwa ndiyo moyo wake. Kwanza, kutojua kuna gharama, na gharama hiyo inalipwa kwa mahali. Pili, gharama hiyo haimfukuzi aliyeshindwa. Amelipa, basi anastahili jibu na anabaki barazani. Tatu, mahali palipotolewa hapabaki jina tupu. Mtegaji analazimika kupasafiri kwa maneno, kupatia watu wanaomsalimu na kumpa chakula, na hadhira husafiri pamoja naye. Fumbo na safari, ambavyo watunzi wa michezo ya kompyuta wameviunganisha kwa mitambo ya karne ya ishirini, vilikuwa vimeunganishwa zamani mkekani.

Lakini vimeunganishwa kwa mwelekeo ulio kinyume. Katika Myst (1993) ya ndugu Rand na Robyn Miller, mchezaji hufika kisiwani bila maelezo. Akifumbua fumbo hupata njia ya kuingia katika kitabu, na kitabu humpeleka katika nchi nyingine. Mahali ni zawadi ya anayejua, na asiyejua hubaki gatini alikoanzia. Katika kitendawili, mahali huzaliwa pale mtu asipojua. Endapo hadhira ingejua kila jibu, hakuna mji ambao ungetolewa wala safari ambayo ingesimuliwa.

Hapa ndipo ile haya ya wachezaji inapopata maelezo. Mchezaji aliyeshindwa akalitafuta jibu katika intaneti husema amedanganya, kwa sababu mchezo haukumwekea njia ya heshima ya kushindwa. Kwa kanuni za kitendawili asingekuwa na kosa lolote: angetoa mji, akapewa jibu, na mchezo ungeendelea. Anachokiona kuwa udhaifu wake ni upungufu wa fani ya mchezo. Uhakiki unaoishia kwenye hisia za mchezaji hauwezi kuuona upungufu huo, maana mchezaji ameshajilaumu mwenyewe.

5. Kisiwa kitupu na kaya

Suala la pili ni mahali penyewe. Kisiwa cha Myst kinakaribia kuwa kitupu, na kile cha The Witness hakina watu ila sanamu za mawe na sauti zilizorekodiwa. Wachezaji husifu utupu huo kwa sababu unawapa uhuru: hakuna wa kumwomba ruhusa. Kila chumba ni chao na kila kitabu kilichoachwa mezani ni halali kukisoma.

Kwa msomaji wa pwani ya kusini utupu wa namna hii hauwezi kupita bila swali. Diani imeonyeshwa ulimwenguni kwa muda mrefu katika picha za matangazo ya utalii kama mchanga mweupe usiokuwa na nyayo, ilhali nyuma ya mchanga huo iko misitu ya kaya, na penye mlango wa mto Mwachema uko Msikiti wa Kongo, jengo la karne nyingi. Ukishuka kusini, yako mapango ya Shimoni, ambamo masimulizi ya wenyeji yanasema watumwa walizuiliwa kabla ya kusafirishwa. Mtu aingiaye pangoni humo akasikia matone ya maji na mbawa za popo anaweza kuandika maneno yaleyale ambayo wachezaji huandika: kimya, upweke, uzuri. Maneno hayo yatakuwa kweli kuhusu masikio yake, na yatakuwa yamenyamaza kuhusu pango.

Kaya ndizo zinazofundisha zaidi. Makazi haya ya kale ya Wamijikenda yaliyozungukwa na misitu yalikuwa yamehamwa kufikia miaka ya 1940, lakini hayakuachwa. Huhesabiwa kuwa maskani ya wahenga, na wazee wa kaya huzitunza. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 baadhi yake, pamoja na Kaya Kinondo ya Wadigo iliyo karibu na Diani, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia. Mgeni anayezuru Kaya Kinondo hufungwa shuka jeusi kabla ya kuingia, huongozwa na mwenyeji, na haruhusiwi kutoka na chochote, hata jani. Ziko sehemu ambazo hatafikishwa.

Kwa mtazamo wa mchezaji wa kompyuta, sehemu hizo ni mlango uliofungwa, na mlango uliofungwa ni kazi isiyomalizika. Kwa mtazamo wa kaya, asiyefikishwa hajashindwa. Kutojua kwake ni sehemu ya adabu ya mahali, na adabu hiyo ndiyo iliyouhifadhi msitu wakati msitu wa kandokando ulipokatwa kupisha mashamba na mahoteli. Basi kwa yale maneno matatu ya sehemu iliyotangulia hapana budi kuongezwa la nne, nalo ni siri. Chemshabongo inataka jibu, kitendawili kinataka jibu au mji, fumbo linataka kujua nani anasemwa; siri inataka mtu ageuke arudi bila kinyongo.

6. Michezo miwili iliyokaribia

Haitakuwa haki kusema kwamba utanzu mzima umeyasahau mambo haya. Michezo miwili inastahili kutajwa, kila mmoja kwa ubora wake na kasoro yake.

Wa kwanza ni Never Alone (2014), uliotungwa kwa ushirikiano na Baraza la Kikabila la Cook Inlet huko Alaska. Jina lake la pili ni la Kiinupiaq, Kisima Ingitchuna, maana yake siko peke yangu. Msikilizaji wa Kiswahili atakayeshtuka kusikia kisima katika nchi ya barafu ajue ni sadfa ya sauti tu. Kisa chake kimetokana na hadithi ya jadi, na msimulizi hukisimulia kwa Kiinupiaq tangu mwanzo hadi mwisho. Msichana aitwaye Nuna na mbweha wake huendelea kwa kusaidiana, na watu wawili wanaweza kucheza pamoja, kila mmoja na mhusika wake. Fanani amerudi, na hadhira imekuwa zaidi ya mtu mmoja. Wachezaji wengi waliusifu kwa hayo, huku wakilalamika kwamba kuruka na kudaka ndani yake ni kwa shida. Kasoro kubwa zaidi iko kwingine. Maelezo ya wazee kuhusu maisha yao yamewekwa katika filamu fupi ambazo mchezaji huzifungua kwa kuwafikia bundi waliofichwa njiani, ndege ambaye pwani hatarajiwi kuleta heri. Elimu ya wazee imegeuzwa kuwa tuzo ya kuokotwa, nayo imekaa kando ya mchezo.

Wa pili ni Chants of Sennaar (2023), kazi ya Wafaransa iliyojengwa juu ya kisa cha Mnara wa Babeli. Mchezaji hupanda mnara wenye jamii mbalimbali, kila moja na lugha yake na maandishi yake, na fumbo lenyewe ni kuelewa wanachosema wenyeji. Lugha mojawapo huonyesha wingi kwa kurudia alama. Nyingine hupanga maneno ya sentensi kwa utaratibu tofauti. Mwanaisimu atafurahi, lakini jambo kubwa ni lile la uhusiano: asiyejua hapa ni mgeni miongoni mwa watu walio hai, kama mtu wa bara anayeshuka Wasini akasikia Kivumba kwa mara ya kwanza. Ujuzi wake akiupata hautumii kufungulia milango peke yake, huutumia pia kuzipatanisha jamii zilizokuwa hazisikilizani. Kasoro yake ni kwamba kila neno lina tafsiri moja kamili, na daftari la mchezaji huthibitisha jibu kwa muhuri. Lugha imefanywa chemshabongo. Wanaofanya kazi ya kamusi, kama waliotayarisha Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 2004, wanajua kwamba hakuna muhuri wa namna hiyo.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba michezo midogo ya kutembea na kufumbua ina fani ya kitendawili bila adabu ya kitendawili. Imechukua swali na kuacha baraza. Imechukua mahali na kuacha wenyeji wake. Kauli za wachezaji, pamoja na ukweli wake, haziwezi kuuona upungufu huo kwa kuwa zinapima raha ya aliyefaulu. Mizani ya pwani hupima hali ya aliyeshindwa: je, amepewa la kulipa, amebakishwa barazani, amepata cha kusimulia?

Jambo hili lina matokeo zaidi ya uhakiki. Vyombo vya kutungia michezo hii vimekuwa rahisi kupatikana, na haitakuwa ajabu mtu akitunga mchezo wenye misitu na mapango ya Kwale ndani yake. Akiiga mifano iliyopo, atatengeneza Diani isiyo na watu, na atauweka mlango ndani ya kaya ili ufunguliwe na yeyote mwenye akili na saa tatu za nafasi. Mchezo huo utapendeza, utasifiwa kwa kimya chake, na utakuwa umefanya kwa picha kile ambacho wazee wa kaya wamekizuia kwa miaka mingi. Idara za lugha za Kiafrika zinaweza kumsaidia mtunzi huyo kabla hajaanza, kwa kuiingiza michezo hii katika masomo ya fasihi simulizi, kwa kuzipa istilahi nne zilizojadiliwa hapa mipaka imara, na kwa kuandika tahakiki zake kwa Kiswahili. Naye akisaidika, ataweka katika mchezo wake mlango mmoja usiofunguka kabisa, na mwenyeji wa kumwambia mchezaji, kwa Kidigo au kwa Kiswahili, kwamba amefika alipopaswa kufika.